Tanganyika ilikuwa koloni la Mwingereza, au haikuwa?

Mleta mada, Nkuhungu
Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Dodoma. Wiki iliyopita kwenye jaribio la Historia aliandika kuwa mwaka 1930 Tanganyika ilikuwa koloni la Uingereza. Akapigwa kosa, na pembeni mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu: "mandate". Usiku tunakula ugali kwa mlenda akaniuliza, "Baba, kwa hiyo Mwingereza hakututawala?"

Kwa karatasi, mwalimu yuko sahihi. Mjerumani aliposhindwa Vita ya Kwanza ya Dunia, Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilimkabidhi Mwingereza nchi hii rasmi mwaka 1922 aisimamie; hiyo ndiyo "mandate". Kuanzia 1946 ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, hadi uhuru 1961. Koloni kisheria ilikuwa Kenya, tangu 1920, na hata huko ni bara tu. Ukanda wake wa pwani uliitwa "protectorate", yaani nchi lindwa, kwa kuwa ulihesabiwa ni wa Sultani wa Zanzibar. Uganda na Zanzibar nazo zilibandikwa jina hilohilo.

Sasa yatazameni maneno hayo. "Protectorate" linasema nakulinda. "Mandate", nimeagizwa. Udhamini, nimewekewa amana. Hakuna hata moja linalosema nimechukua. Hata Mjerumani alianza hivyohivyo: karatasi aliyopewa Carl Peters Februari 1885, baada ya kupita Usagara na majirani zake akikusanya mikataba ya machifu, iliitwa barua ya ulinzi. Ulinzi dhidi ya nani, mniambie nyinyi.

Hoja yangu: Kiswahili kilikataa mchezo huo. Bibi zetu walikuwa na neno moja tu, mkoloni, na kila mtu alijua anasemwa nani. Sasa tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Tukianza kuwakaririsha watoto "nchi lindwa" na "nchi ya udhamini", tutakuwa tunampigia mkoloni pasi nguo zake. Mnasemaje?

Mwanasheria, Area C
Napinga, kaka. Maneno hayo yalikuwa na meno. Machi 1955 Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza madai ya TANU. Aliingia kwa mlango gani? Huohuo wa udhamini unaotaka tuufute. Tena kila baada ya miaka mitatu hivi ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja huku kukagua. Mkenya hakuwa na mlango huo. Mtoto akiambiwa kote kulikuwa koloni tu, atabaki akidhani tulipata uhuru bila bunduki kwa sababu ya upole wetu.

Na Kiswahili usikisifie sana. "Himaya" tunayoitumia kwa dola kubwa za kutawala wengine imetoka wapi? Ni ndugu yake "kuhami". Ni ulinzi uleule, ila umevaa kilemba.

Mzaliwa wa Kongwa
Wakili, meno yalimng'ata nani? Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki, kule Arusha, mwaka 1951 na nyumba zao zikachomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa kuwasemea. Alisikilizwa vizuri sana. Ardhi hawakurudishiwa wakati huo.

Na mimi kwetu ni Kongwa, kwa hiyo neno udhamini linanichekesha. Baada ya vita Uingereza iliishiwa mafuta ya kula. Mwaka 1947 mdhamini wetu akaleta matrekta, mengine mabaki ya jeshi, akaanza kung'oa pori letu apande karanga. Mgogo yeyote angemwambia kuwa mvua ya huku haina ahadi. Udongo ulipokauka ukawa kama sakafu ya saruji, karanga zimo ndani hazing'oleki. Mwaka 1951 wakafunga virago, hasara pauni kama milioni 36. Haya, wewe ni mwanasheria: mdhamini wa mirathi akienda kulima kwenye shamba la yatima kitu kilichopungua jikoni kwake, anaitwaje? Kwetu anaitishiwa kikao cha ukoo.

Mama wa Mpwapwa
Mnabishania majina ya wenye ofisi. Wagogo walishatoa lao. Njaa ya 1917 hadi 1920 inaitwa Mtunya, maana yake iko jirani kabisa na kinyang'anyiro. Askari wa Mjerumani walikomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, wakaja wa Mwingereza nao wakakomba, halafu mvua ikagoma. Angalieni miaka hiyo: hata "mandate" ilikuwa bado haijaandikwa. Bibi yangu alikuwa akiona mtoto anamwaga uji anasema tu, "Hukuiona Mtunya wewe." Hilo neno sijaliona kwenye mtihani wowote wa wanangu.

Mpita njia
Mimi naongeza moja. Mkuu wa Wilaya kwa Kiingereza tunamwitaje mpaka leo? "District Commissioner", cheo cha bwana shauri, yule mtawala wa wilaya wa enzi za Mwingereza, vilevile. Na sheria ya mwaka 1997 inamruhusu kukuweka ndani saa 48. Hapo nani atapiga kosa?

Mleta mada, Nkuhungu
Mpita njia, hiyo ni mada nyingine, ianzishe tuje.

Wakili, kwa 1955 umenikamata, na kwenye himaya umeniumbua kabisa. Nimekwenda kwenye kamusi nikakuta ulinzi umekaa mstari wa mbele. Basi narekebisha: udhamini ufundishwe, lakini ufundishwe kama jina lililoandikwa kwenye hati, na swali linalofuata liwe la karanga za Kongwa. Neno mkoloni silitoi. Mama, Mtunya nimemwandikia binti kwenye daftari.

Leo asubuhi amerudi kwa mwalimu na sentensi mpya: Tanganyika haikuwa koloni kwa hati, ila ilitawaliwa na wakoloni. Mwalimu amecheka, amempa nusu maksi. Binti anasema hiyo nusu nyingine ataidai.