Khalati ana MG (miasthenia gravisi, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi), kope zashuka kila alasiri. Nani anaelewa huu ugonjwa na utafiti wake?

Mwana_Langoni:
Asalam aleikum wanajamvi. Niko Lamu, Langoni. Khalati yangu hushona kofia za vito, sasa tangu kaskazi iingie asubuhi akikaa kushona yuko sawa kabisa lakini ikifika alasiri kope ya jicho la kushoto yashuka, sindano aiona mbili, na usiku akitafuna nyama aacha nusu asema taya zimechoka. Kuna waliosema ni jicho la watu, kuna waliosema ni stroku, akanyweshwa kombe, hakuna tofauti. Tukavuka Mokowe tukampeleka Mombasa, daktari wa neva akamwekea barafu juu ya kope kidogo tu, kope ikainuka!! Halafu damu ikapimwa, akasema ni miasthenia gravisi, eti kinga ya mwili wake mwenyewe yashambulia pale neva inapokutana na msuli. Kapewa vidonge vya pairidostigmini na kaambiwa apigwe siti skani ya KIFUA.
Sasa jicho na kifua wapi na wapi? Na hivi vidonge vinatibu ama vinaficha tu? Ramadhani nayo haiko mbali na yeye kufunga hataki kuambiwa asifunge.

Tabibu_Malindi:
Waleikum salam. Mimi ni kliniko ofisa huku Malindi, si bingwa wa neva, ila wagonjwa wa MG nishawaona na wengi walikuja wamezunguka sana kabla ya kujulikana, kwahivyo khalati kapata daktari mzuri.
Neva haigusi msuli. Kati yao kuna upenyo mdogo sana, neva ikitaka msuli ujikaze yamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, hiyo yavuka na kushika kwenye vipokezi vilivyo juu ya msuli. Chukulia mashua zatoka Mokowe kama kawaida, abiria wamejaa, lakini gati za Amu zimevunjwa, chache zitapata pa kufunga na nyingine zarudi na watu wao. Neva ya khalati ni nzima, msuli wake ni mzima, ila vipokezi vimepungua kwasababu antibodi zake, yaani zile silaha za kinga zinazoelea kwenye damu, zavishika, zavifanya vimezwe ndani ya seli, na zaita protini nyingine za damu zije zitoboe utando wa msuli. Akipumzika msuli wapata nafuu, akitumia sana waishiwa, ndo manake asubuhi na alasiri ni watu wawili tofauti. Baridi yasaidia, joto laharibu, na nyinyi huko kaskazi mwaijua.
Vidonge: vyazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kwahivyo ile kidogo yakaa pale muda mrefu zaidi. Havigusi antibodi hata moja. Ukisema vyaficha hujakosea, ila ni kuficha kunakomwezesha mtu kula, usividharau. Daktari Mary Walker ndo aliyeanza njia hii London mwaka 1934, aliona hawa wagonjwa wafanana na mtu aliyepigwa sumu ya kurare ya mishale ya Amerika Kusini, akajiuliza mbona asijaribu dawa inayoondoa sumu ile.
Kifua: nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ya thaimasi, utotoni ndiyo yafunza seli za kinga zitambue mwili wao. Kwa wagonjwa wengi wa MG hii tezi si ya kawaida, na kama 10 mpaka 15 kati ya 100 wana uvimbe ndani yake. Skani ni ya kuutafuta huo. Hata bila uvimbe kuitoa kwasaidia baadhi ya watu, kuna utafiti mkubwa ulitoka 2016, waliopasuliwa na kupewa predinisoloni (dawa ya kutuliza kinga) walikuwa na nguvu zaidi baada ya miaka 3 na walihitaji dozi ndogo kuliko waliopewa predinisoloni peke yake.

Nahodha_Kizingitini:
Daktari samahani lakini hii "kinga ya mwili" siku hizi kila ugonjwa msioujua sababu mwasema ni hiyo hiyo. Mlijuaje? Nani aliziona hizo antibodi zikivunja hizo gati zako?

Binti_Biokemia:
Nahodha swali lako ni zuri kuliko majibu mengi humu 😂 na wenyewe walibishana hivyo hivyo. John Simpson wa Glasgow alitoa hilo wazo 1960 lakini ushahidi hakuwa nao. Halafu 1973 kule California, Patrick na Lindstrom, hata hawakuwa watafuta ugonjwa, walichukua vipokezi kutoka kwa yule samaki mkunga wa umeme wa Amerika Kusini wakawadunga sungura ili wapate antibodi za kufanyia kazi zao za maabara. Sungura wakalegea, vichwa chini. Wakawapa dawa ya jamii ileile ya vidonge vya khalati, wakainuka! Mwaka huohuo watu wa chuo cha Johns Hopkins, Marekani, wakatumia sumu ya nyoka wa Taiwan inayonata kwenye hivyo vipokezi tu, wakahesabu kwenye misuli ya wagonjwa, wakakuta vimepungua sana. 1975 antibodi za wagonjwa zikatiwa kwenye panya, panya wakadhoofika. 1976 wakasafisha damu ya wagonjwa kuziondoa, wagonjwa wakapata nguvu. Sasa ukitia ugonjwa waja, ukitoa waondoka, wataka nini tena?

Nahodha_Kizingitini:
Hapo sawa nimekubali. Kwani huyo mkunga ni kama taa wetu anayepiga shoti? Akiingia kwenye jarife ukamshika vibaya mkono wafa ganzi.

Binti_Biokemia:
Kazi ni ileile, na hao taa wa umeme nao walitumika sana. Kiungo chao cha umeme kimetokana na msuli, kimejaa vipokezi hivi kupita kiasi, ndo maana maabara zilimpenda samaki ambaye mvuvi amtupa 😀

Bi_Shela:
Mwana mpe khalati yako pole, mimi naishi na MG miaka. Kidonge ameze kama nusu saa kabla ya kula ndo atafune vizuri, tumbo likikatika aseme dozi iangaliwe. Kazi ya sindano aifanye asubuhi. La muhimu kuliko yote aandikiwe orodha ya dawa za kuogopa akae nayo kwenye mkoba, manake huku akipanda homa kidogo tu mtu ashataka kumtundikia kwinini ya malaria, nayo imo kwenye hiyo orodha, pamoja na antibiotiki za jentamaisini na sipro. Mimi naitoa hiyo karatasi kabla ya salamu.
Ramadhani mie daktari alinikataza, vidonge ni kila baada ya saa chache, nikaenda kwa sheikh akanambia nitoe fidia. Nililia lakini ndo hivyo. Na akianza kupaliwa na maji au kukosa pumzi akilala MSINGOJE asubuhi, tafuteni boti usiku huohuo.

Mwana_Langoni:
Allah awalipe. Na hizo dawa mpya nazosikia?

Tabibu_Malindi:
Zipo. Ekulizumabu iliidhinishwa Marekani kwa MG 2017, yazuia zile protini zinazotoboa utando. Efigatigimodi mwisho wa 2021, hiyo yafanya mwili uzitupe antibodi haraka badala ya kuzihifadhi. Zote ni za sindano au dripu na bei yake usiulize. Huku kwetu bado ni predinisoloni na azathiopurini, nayo ni ya kutuliza kinga, hii ya pili yachukua miezi mingi kabla hujaona kitu na watu wengi waiacha njiani wakidhani haifanyi kazi, inauma sana kuona hivyo.
Mimi nafuatilia zaidi utafiti wa Cape Town, Jeannine Heckmann na wenzake wameandika kuhusu wagonjwa wa asili ya Kiafrika ambao misuli ya macho yagoma hata mwili mwingine ukipata nafuu. Kwahivyo jicho la khalati lisingojewe likagandama, matibabu ya kutuliza kinga yazungumzwe mapema.

Umu_Faza:
Nami niulize, binti yangu ana MG na sasa ana mimba, mtoto atazaliwa nayo?

Tabibu_Malindi:
Wengi huzaliwa wazima. Kama 1 au 2 kati ya 10 hulegea mwanzoni, hawanyonyi vizuri, kilio hafifu, kwasababu antibodi za mama zimepita kwenye kondo. Kwa kawaida huisha wiki chache antibodi zikiisha mwilini. Azalie hospitali yenye huduma ya vichanga, si nyumbani. Na wakunga wajue kabla ya siku yenyewe: presha ikipanda watamkimbilia na magnesiamu, kwa mwenye MG hiyo yaweza kumkata pumzi, kwahivyo iandikwe kabisa kwenye kadi yake ya kliniki kwa wino mwekundu.