Mjadala: Toleo lipi la zilipendwa lililosafishwa upya lina sauti bora?

Mwana wa Msamvu
Wapenzi wa muziki wa dansi, naomba mnisaidie katika jambo linalonichanganya. Nimenunua spika nzuri baada ya kujinyima kwa muda mrefu, na sasa nataka kuzisikiliza nyimbo za miaka ya 1960 na 1970 jinsi zinavyostahili. Tatizo ni kwamba kila wimbo una matoleo mengi: lipo la santuri, lipo la CD, lipo la mtandaoni lililoandikwa kwamba limesafishwa upya, yaani sauti ya rekodi ya zamani imetengenezwa tena kwa mitambo ya sasa, na hayafanani hata kidogo. Mpaka sasa ninayoyaamini ni matatu: CD ya Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba iliyotolewa na Dizim kwa jina la Ngoma Iko Huku, yenye nyimbo za 1955 hadi 1965, juzuu ya tatu ya mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique, inayohusu Tanzania ya miaka ya 1960, na mkusanyo wa Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, uitwao Francophonic, ambao Sterns waliutoa kwa sehemu mbili, mwaka 2008 na 2009. Je, yapo yaliyo bora kuliko hayo, hasa kwa Morogoro Jazz na bendi za Tanga? Ningeomba tu wale waliokulia kwenye kaseti za kudurufu za Kariakoo wasijibu, kwa kuwa masikio yao yaliharibika zamani.

Kibanda cha Kaseti
Ndugu yangu, kibanda cha kudurufu kaseti unachokidharau nilikuwa nacho mimi, na kililisha watoto wangu. Unajua kwamba Redio Tanzania ilizirekodi bendi zetu kwa ajili ya kuzirusha hewani, na kwamba santuri zilikuwa zikichapwa Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, ukabaki umefungwa hadi 1983, mtu wa Temeke angeipata wapi santuri, na angeichezea kwenye nini? Waliozitunza nyimbo hizo ni watu waliokuja kibandani na kaseti tupu mkononi, wakaondoka na muziki. Leo umepata spika za bei mbaya, umeona utusafishe na sisi.

Sindano ya Almasi
Naomba tubaki kwenye swali lenyewe, kwa sababu lina jibu. Mwana wa Msamvu, usilinganishe matoleo mawili kabla ya kusawazisha ujazo wa sauti. Sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa zaidi, hata kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuitaja, na wasafishaji wengi wanaishi kwa udhaifu huo. Wanachukua wimbo ambao mwimbaji ananong'ona na tarumbeta zinalipuka, wanavibana viwili hivyo mpaka vikaribiane, kisha wanapandisha vyote hadi juu. Mara ya kwanza utasema umepata uhai, lakini baada ya nyimbo tatu utachoka bila kujua kwa nini. Punguza sauti ya toleo lenye makelele mpaka lilingane na lile la zamani, ndipo usikilize ngoma: kama kila pigo lina uzito uleule, liweke pembeni. Kwa kipimo hicho, yote matatu uliyoyataja yanapita, na Francophonic inapita vizuri zaidi, kwa sababu nyimbo za mwanzo zimeachwa na wembamba wake na hazikulazimishwa kufanana na zile za miaka ya 1980.

Binti Ngamiani
Kubana sauti ni dhambi ndogo. Dhambi kubwa ni ile ya kuondoa upepo unaosikika chini ya muziki. Programu haijui kutofautisha upepo wa ukanda na sauti ya manyanga, kwa sababu vyote viwili viko juu kabisa kwenye masafa, kwa hiyo anayeukomesha upepo anaondoka na manyanga, na hapo amepeta mchele akatupa na chenga zake zote. Ninayo santuri ndogo ya Atomic Jazz, bendi ya Tanga, aliyoiacha marehemu baba yangu, na ina mikwaruzo ya kutosha, lakini gita la rithimu unalisikia likigusa kila waya. Wimbo huohuo nimeusikia mtandaoni, umeandikwa kwamba umesafishwa upya, na gita hilo limekuwa kama linapigwa chumba cha pili, mlango umefungwa. Sioni fahari ya ukimya wa namna hiyo.

Halafu kuna suala la pande mbili, ambalo wasafishaji wengi hawalijali. Kwenye santuri ya mizunguko 45 kwa dakika wimbo mrefu uligawanywa: upande A unabeba mashairi na kuzimika taratibu, upande B unabeba chemko, ile sehemu ya mwisho iliyochangamka ya kucheza. Anayeziunganisha pande hizo inabidi ajue mahali pa kukata, na wengi hawajui, ndiyo maana unasikia ngoma ikiruka pigo moja katikati ya wimbo na wachezaji wote ukumbini wangejikwaa.

Kibanda cha Kaseti
Dada, umesema kweli, na hapo ndipo kaseti ilipowashinda hao wote wenye CD. Nyimbo nilizodurufu zilitoka redioni, na redio ilizitoa kwenye ukanda wake, ambao haukuwa na upande A wala B. Wimbo wa dakika nane ulikwenda dakika nane. Nani kati ya hao wa Ulaya anayetoa chemko lisilounganishwa?

Fundi Mawimbi
Kibanda, kabla hujaendelea kujisifu, tueleze kuhusu kasi. Kaseti nyingi nilizoletewa nizihamishie kwenye kompyuta zinakwenda haraka kuliko inavyopaswa, na ndiyo maana kuna kizazi kizima kinachoamini kwamba Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alikuwa na sauti nyembamba. Ongeza kasi kwa asilimia 6 na wimbo mzima unapanda nusu toni, mwimbaji anakuwa kijana na wapulizaji wanakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Bendi iliyopelekwa kupiga kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka mwaka 1970 haikustahili kusikika hivyo. Tena nasikia wenye vibanda mliiongeza kasi makusudi, ili nyimbo nyingi zaidi zitoshe kwenye kaseti ya dakika 60.

Kibanda cha Kaseti
Makusudi? Huyo aliyekuambia alikuwa mteja wangu au alikuwa mshindani wangu? Mashine ya kudurufu yenye kasi maradufu iliendesha kaseti zote mbili kwa kasi maradufu, inayotoa na inayopokea, kwa hiyo wimbo ulitoka kama ulivyoingia. Kilichoharibu kasi ni redio kaseti za wateja zilizotumia betri zilizochoka, na betri iliyochoka hupunguza mwendo, haiongezi. Wewe ni fundi, unapaswa kulijua hilo kabla ya kunivunjia heshima mbele za watu.

Fundi Mawimbi
Na mteja akirekodi kutoka redioni kwa betri iliyochoka, ukanda ukaenda polepole, kisha akaucheza kwa betri mpya, muziki utasikikaje? Utakimbia. Sikusema lazima uwe wewe.

Kuna njia ya kupima. Umeme wa Tanzania, na wa Kenya vilevile, hutetema mara 50 kwa sekunde, na mtetemo huo huingia kwenye rekodi nyingi za zamani kama muungurumo mdogo wa chini, hasa kabla ya muziki kuanza. Ukiupima kwa programu ukaukuta kwenye 52, basi nakala yako inakimbia kwa asilimia 4, na unajua ni kiasi gani cha kurudisha. Kusikiliza magita peke yake hakutoshi, kwa kuwa bendi zilijitune zenyewe kwa zenyewe. Msafishaji ambaye hakuupima muungurumo kabla ya kuufuta amejinyima ushahidi wake mwenyewe.

Sindano ya Almasi
Njia hiyo ni nzuri, Fundi, lakini usiiamini kupita kiasi. Nakala ikipitia mashine tatu, kila mashine inaweza kuacha muungurumo wake, na wewe utapima ule wa mwisho ukidhani ni wa studio. Ilivyo ngumu kazi hii utaiona kwa wenzetu: Kind of Blue, albamu ya jazz ya Mmarekani Miles Davis, ilirekodiwa mwaka 1959, na nyimbo tatu za upande wake wa kwanza ziliuzwa kwa kasi isiyo sahihi kwa zaidi ya miaka 30, kwa sababu mojawapo ya mashine za studio ilikuwa ikienda polepole siku ile. Nadhani marekebisho yalifanywa kwenye toleo la 1992, baada ya kutumia ukanda wa mashine ya akiba. Walioirekodi ni Columbia, kampuni yenye kila kitu. Sisi tunagombana juu ya kaseti.

Mpwani wa Muscat
Wanangu, nawasoma kutoka huku Muscat, ambako wazee wetu walifika na santuri zao kutoka Unguja, na nashangaa kwamba mnazungumza kana kwamba muziki ulianza na magita. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, na matatizo yenu yote yalikuwapo kwake, tena makubwa zaidi. Santuri hizo zilitakiwa kwenda mizunguko 78 kwa dakika, lakini mashine za wakati ule hazikuwa na kasi moja. Mifereji yake ni mipana, inahitaji sindano yenye ncha nene mara tatu hivi kuliko ya LP, ile santuri kubwa ya nyimbo nyingi. Ukiiweka sindano ya kawaida itatambaa chini ya mfereji kwenye vumbi na kukuletea mkwaruzo mtupu, kisha utasema santuri imekufa. Nusu ya kusafisha ni kuchagua sindano, na programu inakuja baadaye. Anayetaka kusikia kazi iliyofanywa kwa subira atafute mkusanyo wa Topic Records wa mwaka 2007, wa muziki wa Waswahili wa kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950, uliotokana na hazina ya British Library. Mikwaruzo imebaki, na udi unausikia.

Mwana wa Msamvu
Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana. Nimeuandika. Lakini wengine mbona hamjanijibu kuhusu Morogoro Jazz?

Kizazi cha Sasa
Samahanini wakubwa, mnajisumbua na mambo ambayo kompyuta inayamaliza kwa dakika chache. Mwaka 2022 Revolver ya The Beatles, ambayo ni ya 1966, ilichanganywa upya kwa programu iliyofundishwa kutenganisha ala zilizobanwa pamoja. Tuitumie hiyo hiyo kwa NUTA Jazz na Western Jazz: gita la solo kushoto, rithimu kulia, mwimbaji katikati, besi inatetemesha kuta. Mono, yaani sauti yote kutoka njia moja, ni ya watu waliozoea redio ya mbao.

Binti Ngamiani
Redio ya mbao, mdogo wangu, ndiyo iliyonifundisha kusikiliza. Hao uliowataja walikuwa na mikanda ya asili ya njia nne, imetunzwa vizuri. Sisi tuna wanamuziki wote waliopiga kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, sauti ya ngoma ikiingia kwenye maiki ya mwimbaji na sauti ya mwimbaji ikiingia kwenye maiki ya saksafoni. Programu ikivitenganisha, inakisia kilichokuwa chini ya kila kimoja, na inakisia kwa kutumia muziki iliofundishwa nao, ambao sidhani kama ulikuwa wa Tanga. Nimewahi kuletewa wimbo uliopitishwa huko, na magita mawili yaliyokuwa yakijibizana yamekuwa gita moja lisilojua linasema nini.

Kizazi cha Sasa
Basi bakini na upepo wenu.

Sindano ya Almasi
Kijana hakukosea yote. Programu hiyo inafaa kwa kupunguza kidogo mahali palipoharibika, kwa mfano mwisho wa upande B. Huko mifereji iko karibu na lebo, sindano inapita sehemu fupi zaidi kwa kila mzunguko, na sauti za juu huanza kuchanika. Ni bahati mbaya kwamba chemko, lenye makelele kuliko yote, limewekwa mahali pabaya kuliko pote pa santuri. Kulitengeneza hapo kwa mkono mwepesi ni halali, ila kulihamisha gita kutoka lilipokaa ni kurekodi wimbo mwingine.

Kuhusu Morogoro Jazz: Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, alikuwa na kazi nyingi zilizotolewa Nairobi, na baadaye kampuni iliyozitoa ikazikusanya kwenye mfululizo wa LP za ukumbusho. Ukipata LP hizo zikiwa hazijachakaa, hutahitaji toleo lililosafishwa upya. Zioshe, zihamishie kwenye kompyuta bila kuzibana, ziache katika mono.

Mwana wa Msamvu
Nashukuru, hilo ndilo nililolitaka. Kwa bendi za Tanga nitaendelea na juzuu ya Zanzibara mpaka nipate santuri.

Fundi Mawimbi
Na kabla hujazihamishia kwenye kompyuta, pima kasi ya mashine yako. Kibanda, nawe ukitaka kunithibitishia kwamba kaseti zako hazikimbii, niletee moja nipime muungurumo wake.

Kibanda cha Kaseti
Nitakuletea, pamoja na mashine niliyodurufia, kwa sababu ukiicheza kaseti yangu kwenye mashine yako utakuwa umepima mashine yako. Na mikanda ya redio ilikimbia sentimita 19 au 38 kwa sekunde, kaseti ilikwenda chini ya sentimita 5, kwa hiyo hata nikipungukiwa na sauti za juu utakuwa unalaumu maumbile ya kaseti. Niambie tu siku ambayo umeme wa kwako haukatiki.