Fundi kanifungia pampu ya kukanyaga kwenye gari la wageni: kwanza maji yakagoma, kisha yakamwagika usiku kucha, na hela harudishi

Wakuu, leo nimejaa hadi kooni. Atakayekuja hapa kuniambia "ndiyo mafundi wetu, wazoee" apite tu, maana sitawazoea.

Nina Hiace ya bodi ndefu, paa la juu, nimeigeuza gari la kulala. Kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki dogo karibu na mlango wa pembeni. Nawakodishia wageni wanaojiendesha wenyewe kutoka Arusha kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Kwenye sinki nilitaka pampu ya mguu. Siyo ile ya kujazia tairi upepo. Hii ni ya maji, inakaa chini ya kabati: unakanyaga pedeli, maji yanavutwa kutoka kwenye dumu la lita 20 yanapanda bombani, na mikono yako yote miwili iko huru kuosha vyombo. Haigusi betri ya gari, na yanatoka yale uliyoyakanyagia tu. Mgeni hawezi kuacha bomba wazi akaenda kupiga picha pundamilia.

Najua mtasema si ningenunua kale kapampu ka kuchaji kanakochomekwa juu ya chupa ya maji ya kunywa, kamejaa Kariakoo bei chee. Nimeshakatumia. Chaji inaisha porini, vumbi linaingia kwenye kitufe, mgeni anabaki anakabonyeza kama rimoti mbovu. Tuendelee.

Pampu yenyewe niliagiza nje, ya kufungwa kwenye boti, nikalipia usafiri na ushuru. Pampu nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na gereji moja hapa Arusha ambayo simtajii mtu jina lake. Wanasifika kwa kurefusha Land Cruiser na kukata mapaa yafunguke wageni wachungulie simba. Nikasema watu wa aina hiyo, pampu ya sinki itawashindaje? Fundi akanitoza laki tatu na nusu ya ufundi peke yake, vifaa juu yangu. Nilipouliza mbona kubwa hivyo, akanijibu, "Bosi, hii ni kazi ya kizungu."

Siku ya kukabidhi akanionyesha. Kakanyaga, maji yakaruka safi. Dumu lilikuwa wazi, mfuniko uko juu ya kabati. Hilo likumbukeni.

Wageni wa kwanza wameondoka. Jioni wako Karatu, naletewa picha WhatsApp: dumu langu jipya limeingia tumbo ndani, pande mbili zimekaribia kugusana, na pedeli imegoma kurudi juu. Wanauliza kama ndivyo linavyotakiwa kuwa! Kumbe fundi alitoboa mfuniko tundu moja la kupitisha mpira, akalizungushia silikoni mpaka hapapiti hata hewa ya sindano. Hakuacha tundu la kupumulia. Sasa maji yakitoka, hewa iingie wapi? Ukikanyaga mara kadhaa ndani kunakuwa na mvuto, dumu linabonyea, pampu inanyonya hadi inashindwa. Hiki ni kitu ambacho hata mama ntilie anayetoboa kopo la maziwa anakijua, anatoboa matundu mawili.

Wageni wakalegeza mfuniko wenyewe, pampu ikafanya kazi. Lakini gari likitembea na mfuniko uliolegea, maji yanacheza na kurukia kwenye kabati la vyakula. Ukishapita geti la Loduare, lile la kuingilia Ngorongoro, kuelekea Seronera kule Serengeti, ile barabara mnaijua, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Wamefika kambini, mkate umelowa, unga wa chapati umelowa, na pedeli imeng'oka na kipande cha ubao. Alikuwa ameifunga kwa skrubu nne fupi za mbao kwenye plaiwudi nyembamba. Kitu kinachokanyagwa na mtu mzima mwenye kilo zake, unakifunga kwa skrubu za kushikia bawaba ya kabati? Zinatakiwa bolti zinazopita upande wa pili, washa pana, nati za kujikaza. Bei ya hivyo vyote haifiki hata elfu kumi.

Nimerudi gereji na dumu lililokunjamana mkononi. Mnajua aliniambia nini? "Bosi, tatizo ni Ngorongoro. Kule juu hewa nyepesi, pampu haiwezi kuvuta."

Aisee. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ni kweli hewa kule ni pungufu. Pampu ya kuvuta inategemea uzito wa hewa kusukuma maji yapande kwenye mpira. Ukiwa pwani kikomo chake ni kama mita 10, ukiwa ukingoni kule ni kati ya 7 na 8. Kutoka kwenye dumu langu hadi kwenye pampu hapafiki nusu mita! Hata Uhuru Peak maji yangepanda, kama hayajaganda. Na Karatu dumu lilipobonyea kreta walikuwa hawajaifikia.

Nikamwambia hivyo, akakaa kimya kidogo, akasema sawa, atanipa "presha ya asili". Mafundi wakisema hivyo kimbieni wakuu. Alifunga pedeli upya, safari hii kwa bolti, hapo simwonei. Akatoboa tundu la hewa kwenye mfuniko. Halafu akalitoa dumu chini ya kabati akalijengea rafu juu, karibu na dari, ili eti maji yaisaidie pampu. Nikamuuliza kama haitavuja. Akaniangalia kwa huruma, akasema pampu ina valvu.

Ni kweli ina valvu, mbili. Ndani kuna diaframu, ile ngozi ya mpira, na springi. Ukiachia mguu, springi inarudisha pedeli, diaframu inanyonya, valvu ya kuingizia inafunguka. Ukikanyaga, hiyo inajifunga na ya kutolea inafunguka. Lakini valvu zote zinaelekea upande mmoja, kutoka dumuni kwenda bombani. Kazi yake ni kuzuia maji yasirudi nyuma. Hazizuii yanayokwenda mbele. Dumu likiwa juu ya mdomo wa bomba, maji hayana haja ya mguu wa mtu, yanajipitia yenyewe. Na bomba la pampu ya mguu kwa kawaida halina koki ya kufunga, ni mdomo wazi tu.

Wateja waliofuata ni mama mmoja wa Nairobi na wanawe wawili. Kambi ya Simba, pale ukingoni, baridi ya kutoa machozi. Wamepika, wameosha vyombo, wamelala. Yule mama alipokanyaga mara ya mwisho mpira ukabaki umejaa, na maji yakaendelea kutoka uzi mwembamba, kimya kimya, usiku kucha. Dumu la maji machafu chini ya sinki ni la lita 10. Lita 20 haziingii kwenye lita 10, wakuu. Nyingine zikaenda sakafuni, na kwa kuwa gari lilisimama limeinamia nyuma kidogo, zikaenda chini ya godoro la watoto. Saa kumi na moja alfajiri naletewa ujumbe wa sauti: "Bwana, hii gari yenu imetuogesha. Watoto wamelowa na nje kuna ndovu anakunywa maji kwa tangi. Niende wapi sasa?"

Ningemjibu nini mzazi wa watu? Nimemrudishia hela yote. Godoro limeoza upande mmoja, plaiwudi ya sakafu imevimba, na harufu mpaka leo ukifungua mlango inakupokea.

Nikampigia fundi wa boti wa Tanga niliyepewa namba na rafiki. Nikamwonyesha kwa video. Hata dakika tano hazikufika, akaanza kucheka. Akasema kwenye boti pampu hizi ni za kawaida jikoni, na tangi linakaa chini, mwisho wa mazungumzo. Akaniambia nishushe kamera kwenye mpira wa kuvutia. Ni mpira laini wa kumwagilia bustani, ule unaojibana wenyewe ukivutwa. Unatakiwa mgumu wenye nyuzi ndani, na uwe wa maji ya kunywa. Kwenye maungio hakuna klipu hata moja. Jamaa amefunga kwa kamba ya tyubu ya baiskeli! Upande wa kusukuma, penye upenyo maji yanavuja utayaona. Upande wa kuvuta huoni tone, pampu inanyonya hewa tu na kukoroma, unakanyaga hadi goti linauma. Akauliza pia valvu ya kuzuia maji yasirudi dumuni iko wapi, ile inayokaa mwisho wa mpira. Niliinunua mwenyewe nikampa fundi mkononi. Haipo. Sijui iko kwenye gari la nani sasa hivi.

Jana nimekwenda kudai. Sikutaka mengi: anirudishie ile laki tatu na nusu, godoro nitabeba mwenyewe. Kaniambia hela ya ufundi hairudi kwa sababu "kazi ilifanyika", na kwamba pampu niliyoleta ni feki. Pampu hiyohiyo ambayo siku ya kukabidhi aliisifia na kuipiga picha aweke status! Picha ninayo. Nilipoitaja akasema nisimletee mambo ya polisi. Mimi polisi sijawataja hata kidogo.

Sasa nataka mambo mawili. Kwanza, aliyewahi kudai fundi kwenye baraza la kata kwa kazi mbovu bila mkataba wa maandishi, ila una risiti za M-Pesa na ujumbe wa WhatsApp, aniambie lilimsaidia au nitapoteza nauli bure. Ushauri wa kwenda "kuongea naye kiutu uzima" sihitaji, nimeshaongea.

Pili, high season inaanza Juni na gari liko juu ya mawe. Mwenye kuuza mpira mgumu wa maji ya kunywa wa nusu inchi, mita tatu tu, na ile valvu ya mwisho wa mpira, awe Arusha, Moshi au Dar, aweke bei hapahapa. Klipu za chuma nimeshanunua mwenyewe.