ThinkPad X220 ya 2011: nibaki na Windows 10, niweke SSD na Linux, au nichukue nyingine iliyotumika?

Kalamu_Butu

Wakuu habari zenu. Nina X220, i5 ya kizazi cha pili, RAM 4GB, diski ya kuzunguka ya 320GB. Kibodi yake siibadilishi na kitu chochote na bodi nzima iko imara, ila siku hizi ukiiwasha unaweza ukaenda kuoga ukarudi ukakuta kiduara bado kinazunguka. Ina Windows 10 na hiyo nayo apdeti za kawaida zilikoma Oktoba 14, 2025. Kazi zangu ni kuandika, barua pepe, kikao cha vidio mara moja moja na YouTube usiku. Naomba mnilinganishie: (a) niiache ilivyo nijiandikishe zile apdeti za nyongeza, (b) SSD (diski isiyozunguka, ya haraka), RAM na Linux (mfumo wa bure badala ya Windows), (c) niachane nayo nichukue iliyotumika inayokubali Windows 11. Njia ya nne ni kuambiwa "tupa huo mkebe", hiyo nishaambiwa nyumbani kwahiyo msijisumbue.

haraka_haraka

C bila kupepesa macho. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa Intel kuanzia kizazi cha nane, yako ina TPM 1.2, hapo hakuna mjadala. Najua kuna watu wanapitia uchochoroni wanailazimisha na inaingia kweli, ila kila toleo kubwa likitoka unakaa roho juu hujui kama litakubali. Halafu muda wa kuhangaika nao una thamani, hilo nyie wapenzi wa mashine za zamani huwa hamlipigii hesabu kabisa.

fundi_solda

Jina limekukaa mkuu 😂

Kalamu, tenganisha mambo mawili, mashine kuchoka na diski kuchoka. Nyingi zinazoletwa mezani kwangu kwa kesi ya "imezeeka" ukizifungua prosesa haina tatizo lolote, kinachokwamisha ni ile diski ya kuzunguka, Windows 10 inaisomasoma muda wote nyuma ya pazia mpaka inafika asilimia 100 na wewe hujafungua hata faili moja. Kwa X220 kubadilisha ni kazi ya kunywea chai: toa betri kwanza, kuna skrubu moja tu inashika kifuniko cha diski pembeni, kikitoka unaivuta diski kwa kile kiplastiki chake, unavua zile reli za raba mbili unaivisha SSD unarudisha. Kitu cha kuangalia ni unene, iwe 7mm, ukiletewa ya 9.5mm haipiti. RAM iko chini ya kifuniko cha tumboni, nafasi mbili, DDR3 ya laptop. Vitabu vya kampuni vinasema mwisho 8GB lakini 16GB inazisoma vizuri tu. Kwa kazi zako 8 zinatosha usijitie gharama.

Ukishafanya hayo mawili ndo uje tuongee habari za Windows au Linux, maana kwa hali ilivyo sasa hata uweke nini kitakuwa kizito.

nuru_k

Naunga mkono fundi, naongezea upande wa programu.

A ina mwisho uliokaribia sana, apdeti za nyongeza kwa watu binafsi ni hadi Oktoba 13, 2026 basi, na ili ujiandikishe lazima Windows 10 yako iwe toleo la mwisho, 22H2, na uwe na akaunti ya Microsoft. Kwahiyo A ni kusogeza siku tu, mwaka huohuo unarudi hapa na swali lilelile. Ukiweka Linux Mint 22 (aina moja ya Linux) unapata apdeti hadi 2029 kwenye chuma hichohicho.

Ila B siyo tamu yote, nisikudanganye. YouTube siku hizi wanakutumia vidio zilizobanwa kwa mitindo mipya ya VP9 au AV1, na hiyo i5 ya kizazi cha pili sehemu yake ya kufungulia vidio inaujua mtindo wa zamani wa H.264, hiyo mipya haiijui, kwahiyo prosesa inabeba mzigo mwenyewe na feni inaanza kulia. Dawa yake ni kiongezi kidogo cha brauza kinaitwa h264ify, kinailazimisha YouTube ikupe H.264. Utakosa 4K lakini skrini yako ni 1366 kwa 768 sasa 4K ya nini. Vikao vya vidio vinaenda, ila usifungue tabu ishirini huku unaongea na bosi. Na kama unabadilishana faili za Word na watu jiandae, LibreOffice (ofisi ya bure ya Linux) inazifungua ila jedwali na nafasi za kurasa zinaweza kuhama kidogo, ukituma PDF unaepuka hiyo.

Anza kwa fleshi. Unachoma Mint kwenye fleshi, unawashia hapo (bonyeza F12 ikiwa inawaka), unajaribu waifai, sauti, kamera, na diski yako haijaguswa. Hujaipenda, unachomoa.

Mzee_wa_DOS

Vijana mnazungumzia 2011 kama enzi za mkoloni. Mimi nina kompyuta ya mezani ya Windows XP inaendesha mashine ya kukatia vinyl kupitia ile poti ya printa ya zamani, na itaendelea kukata. Haijaunganishwa na intaneti, na haitaunganishwa. Hapo ndipo naona mnachanganya, kifaa cha zamani chenye kazi moja hakina haja ya kushindana na kipya. Diski yake ya IDE (muunganisho wa diski za zamani) niliitoa nikaweka kadi ya CompactFlash kwa adapta, maana CF inaongea lugha ya IDE moja kwa moja, haina drayva wala nini, na nakala ya kadi nzima iko kabatini.

Kinachoua mashine zetu ni mtandao. Septemba 30, 2021 kile cheti cha mzizi walichokuwa wanakitegemea Let's Encrypt (wanaotoa vyeti vya usalama kwa tovuti bure) kiliisha muda, na vifaa vingi vya zamani visivyopata apdeti vikaanza kukataa tovuti kibao siku hiyohiyo. Chuma kilikuwa kilekile cha jana. Kwahiyo Kalamu swali lako la kwanza liwe: brauza mpya inakubali kukaa humu? Kwa 64-biti kama yako inakubali bila shida. Mwenye 32-biti tupu ndo mwenye msiba, Debian 13 (Linux nyingine) haina tena kisakinishi cha 32-biti na Firefox nao kwenye Linux wameshaanza kufunga mlango huo. Na wa Core 2 Duo asipoteze usiku kuilazimisha Windows 11, kuanzia toleo lake la 24H2 inataka prosesa iwe na amri ya POPCNT ambayo hizo hazina, haiwaki kabisa.

Kalamu_Butu

Shikamoo mzee, hiyo ya kabatini nimeipenda. Naona B inanivuta. Ila sijataja betri, inakaa dakika kumi na kitu tu. Kuna mtu ameniambia anaweza kuipasua aweke seli mpya, mnasemaje?

fundi_solda

Mwambie ahsante halafu usimpe. Ndani kuna seli za 18650 (zile za duara ndefu) na kibao kidogo cha saketi kinachohesabu chaji, betri nyingi za laptop ukikata seli vibaya kile kibao kinajifunga na hata uweke seli mpya hakitoi umeme. Na lithiamu ikiungwa hovyo ni moto, siongei kwa mafumbo. Kama yako imeanza kuvimba au haikai sawa kwenye nafasi yake acha kuichaji leo, laptop inaenda bila betri kwa chaja tu.

Tafuta betri nzima mpya. Hapa bahati yako una X220, kuanzia X230 BIOS (programu ya kuwashia mashine) inakagua betri na isiyo halali inagoma kuichaji, ya kwako haina ukaguzi huo. Ila "mpya" iliyokaa stoo miaka mingi imeshachoka humo humo kwenye boksi, uliza ya lini.

haraka_haraka

Haya SSD, RAM, betri, kesho feni, keshokutwa bawaba. Mnaona hesabu inavyopanda lakini? 😅 Sawa B nakubali kwa kuandika na barua pepe. Angekuwa na vikao vya vidio kila siku ningebaki na C.

nuru_k

Hapo tuko pamoja haraka. Na atakayechukua C aangalie RAM, laptop nyembamba nyingi RAM imeunganishwa kwenye mazabodi moja kwa moja, ukinunua yenye 4GB utakufa nayo hivyohivyo. Afadhali ile ambayo angalau nafasi moja inafunguka.

Kalamu_Butu

Naanza na SSD na RAM, betri itafuata mfuko ukikubali. SSD ya 240GB inanitosha si ndio? Na hii diski ya zamani niifanyeje?

fundi_solda

240 inatosha. Ya zamani usiifute kwanza, iweke pembeni na vitu vyako kama ilivyo mpaka uhakikishe umehamisha kila kitu, kuna boksi dogo la USB unaivisha humo inakuwa diski ya nje. Ila usiifanye bakapu yako pekee, ya 2011 hiyo.