Naomba ushauri: imani ninayo, lakini pumziko na furaha sivioni katika siku za kawaida

Ndugu zangu katika Kristo, naomba ushauri wenu. Nimeokoka kwa miaka tisa sasa na sina shaka na imani yangu, ila furaha ninayoipata ibadani Jumapili huwa imekwisha kufikia Jumatatu jioni, nikiwa katikati ya kazi, watoto na vyombo visivyooshwa. Nikisoma Mathayo 11:28, ambapo Yesu anawaita wenye kulemewa na mizigo ili awapumzishe, najiuliza kama nimewahi kuuitikia wito huo, au nimeongeza tu huduma za kanisani juu ya mizigo niliyokuwa nayo. Habari ya Martha na Mariamu katika Luka 10, ambapo Martha alihangaika na kazi za kumhudumia Yesu huku dada yake Mariamu ameketi kumsikiliza, na Yesu akamsifu Mariamu, hunichoma zaidi, kwa sababu, niseme ukweli, mimi humwonea huruma Martha: chakula kingeandaliwa na nani? Paulo naye aliwahimiza Wafilipi wafurahi ilhali yeye mwenyewe yumo kifungoni, kwa hiyo siwezi kuilaumu hali yangu peke yake.

Mliofanikiwa kutenga siku ya mapumziko, mlianzaje, na mliacha nini? Tena, mnaombaje katikati ya kazi za mikono bila sala kugeuka kuwa jukumu jingine?