Naomba ushauri: chakula chepesi cha siku tano za kuwinda mlimani

Nyayo Mbichi

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu.

Naenda kuwinda mlimani siku tano, kwa miguu, kila kitu mgongoni. Kibali ninacho, bunduki iko sawa, viatu vimeshazoea mguu. Kinachoninyima usingizi ni chakula. Nimekipanga chote sakafuni nikakipima: kilo sita na ushee, na hapo jiko na maji bado. Kuna makopo ya maharage na samaki, mkate, matufaha, mchele, maharage makavu na paketi kadhaa za biskuti.

Nataka kupunguza mzigo lakini sitaki kushinda njaa huko juu. Siku ya kuwinda ni kupanda na kushuka kutwa, na nikijaliwa kupata mnyama ndiyo kwanza kazi inaanza. Nyinyi wazoefu mnafungashaje chakula cha siku moja? Na jiko ni lazima?

Natanguliza shukrani.

Mizani ya Jikoni

Kaka, umeanza vizuri kwa kupima, maana wengi wanakadiria kwa macho tu. Sasa ongeza kipimo cha pili: kila gramu unayobeba inakupa kalori ngapi. Mafuta yana kalori 9 kwa gramu. Wanga na protini, 4. Maji hayana kitu. Hesabu yote inaanzia hapo.

Angalia ulivyovitaja. Tufaha zaidi ya asilimia 80 ni maji, gramu 100 zinakupa kalori kama 50. Kopo la maharage nusu yake na zaidi ni maji, na bati lenyewe utalibeba kwenda na kurudi. Karanga gramu hizo hizo zinakupa karibu 570, na mafuta ya kula karibu 900. Mimi kitu kikishuka chini ya kalori 4 kwa gramu nakiuliza kinapanda mlima kufanya nini. Vichache vinapita, kama nyama kavu na matunda makavu, kwa sababu mwili unahitaji protini na mdomo unahitaji kubadilisha ladha.

Mfuko wangu wa siku moja uko hivi. Asubuhi: oti gramu 100, maziwa ya unga 30, zabibu kavu 30, vyote vimeshachanganywa nyumbani, kazi yangu ni kumimina maji tu. Mchana sipiki. Nina lozi na korosho gramu 120, chokoleti 60, nyama kavu 50, siagi ya karanga 60 na biskuti za chumvi 70. Jioni: mchele ulioivishwa ukakaushwa au tambi za kuiva haraka gramu 120, supu ya unga 30, nyama kavu ya kusaga 30, na mafuta ya zeituni gramu 30 juu yake. Jumla ni gramu 730 na kalori kama 3,350. Kwa siku tano ni kilo 3.7 hivi.

Mtu mwenye mwili mkubwa au anayewinda kwenye baridi kali aongeze. Aanze na mafuta na karanga, hapo ndipo kalori zinapanda bila mzigo kupanda sana.

Kimya Kichakani

Dada Mizani kamaliza upande wa hesabu. Mimi niseme upande wa mawindo yenyewe.

Chakula cha mchana cha mwindaji kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja, darubini ikiwa mkono wa pili. Mnyama hasubiri umalize kuchemsha maji. Na vitu vyote vitoe kwenye karatasi zake za dukani kabla hujaondoka. Ukikaa kwenye jiwe saa mbili bila upepo ndipo utajua karatasi ya chokoleti ina kelele kiasi gani: unaikunja taratibu, inalia kama kuni mbichi motoni, na kulungu aliyekuwa anakula mteremko wa pili anainua kichwa. Mifuko laini ya zipu haina shida hiyo. Pia karatasi na maboksi ni uzito usioliwa, utashangaa ukiyakusanya yote na kuyapima.

Kuhusu jiko, mimi silibebi. Oti nazilowesha maji baridi usiku, asubuhi zimelainika. Jioni nakula jibini ngumu, biskuti, karanga na nyama kavu. Hakuna gesi, hakuna sufuria, na sipotezi dakika za mapambazuko nikisubiri maji yachemke.

Mzee wa Darubini

Kimya, kwa kijana mwenzako wa damu moto kwenye hali ya hewa ya joto nakubaliana nawe. Kwa mgeni wa safari hizi, mlimani, mimi simshauri aache jiko. Ukilowa na jua limezama, chakula cha moto ndicho kinachokurudishia mwili. Vilevile mtu aliyechoka sana hamu ya kula inapotea, na ukiwa juu inapotea zaidi. Nimeona watu wakirudi na mifuko ya karanga haijaguswa huku miguu inatetemeka. Supu ya moto hata mgonjwa anaimeza.

Nyayo Mbichi, hayo maharage makavu yaache nyumbani. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Ukiwa mita 3,000 yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi. Maharage yatakumalizia gesi na bado yatakuwa magumu, na maharage mekundu yasiyoiva sawasawa yanaumiza tumbo vibaya. Mchele mbichi nao unakula gesi bila sababu. Beba vile vinavyohitaji maji yachemke mara moja tu, kisha unafunika na kusubiri.

Kama kuna baridi, angalia na aina ya gesi. Butani ya kawaida ikikaribia nyuzi 0 inagoma kutoka. Chukua mtungi wenye mchanganyiko wa isobutani na propani, na usiku lala nao ndani ya mfuko wa kulalia.

Nyayo Mbichi

Shikamoo mzee. Asanteni sana wote, makopo nimeshayarudisha kabatini.

Nina maswali mawili. Hiyo nyama kavu ya kusaga naweza kuitengeneza mwenyewe? Na je, nikipiga mnyama siku ya pili, siwezi kula nyama yake siku zilizobaki nikabeba chakula kidogo zaidi?

Mizani ya Jikoni

Unaweza, na ni kazi rahisi. Chukua nyama ya kusaga isiyo na mafuta kabisa. Ikaange mpaka iive, uimimine kwenye chujio na uisuuze kwa maji ya moto ili mafuta yatoke, kisha itandaze kwenye trei ndani ya oveni yenye joto dogo, kama nyuzi 70, mlango ukiwa wazi kidogo mvuke upate pa kutokea. Ikiwa tayari inakuwa vipunje vigumu kama changarawe, ukivibonyeza havina unyevu ndani. Kambini unamwagia maji yanayochemka, unafunika robo saa au zaidi kidogo.

Msisitizo wangu ni kwenye kutoa mafuta. Mafuta ya nyama hayakauki, yanachacha, na mfuko mzima unaharibika. Ndiyo maana mafuta nayabeba peke yake kwenye chupa ndogo ya plastiki, nayo naiweka ndani ya mfuko wa zipu kwa sababu chupa za mafuta huvuja zikibanwa.

Mzee wa Darubini

Marahaba kijana.

Swali la pili nakujibu bila kuzunguka: usiweke windo kwenye hesabu ya chakula. Kwanza, kuwinda hakuna hakika. Pili, nyama ya porini mara nyingi haina mafuta, na nyama tupu isiyo na mafuta haimshibishi mtu anayefanya kazi nzito. Mwaka 1928 mtafiti wa Aktiki, Vilhjalmur Stefansson, alikubali kula nyama tu chini ya uangalizi wa madaktari mjini New York. Walipompa nyama isiyo na mafuta aliugua ndani ya siku chache. Waliporudisha mafuta alipata nafuu. Wenyeji wa nyika za Amerika Kaskazini walilijua hilo zamani sana, pemikani yao ni nyama kavu iliyotwangwa ikachanganywa na mafuta ya mnyama.

Ukijaliwa, choma kipande usherehekee, ni haki yako. Mnyama kama nguruwe mwitu au dubu hakikisha nyama inaiva mpaka ndani, nyuzi 71, kwa sababu ya minyoo. Lakini kalori zako ziwe kwenye begi.

Tena ukipata mnyama ndipo unahitaji chakula zaidi, si kidogo. Kubeba nyama kuteremka nayo ni safari mbili, tatu, kila moja na mzigo mzito kuliko ule uliopanda nao. Kwa hiyo funga mfuko wa sita, wa siku ya ziada, na uwe wa vitu visivyopikwa.

Taa ya Kambi

Naongezea dogo ambalo halijaguswa: maji. Chakula chote kikavu kinadai maji. Chakula cha jioni peke yake kinaweza kula nusu lita, na oti za asubuhi robo. Panga kambi karibu na maji au uwe na chombo cha kuyachota kwa wingi. Ukiyasafisha kwa kuchemsha, yaache yatokote dakika 1, na ukiwa juu ya mita 2,000 dakika 3, na hiyo gesi uiingize kwenye hesabu. Weka chumvi kidogo ya ziada pia, jasho la kupanda linaitoa nyingi.

Nyayo Mbichi

Wakuu, nimepima upya. Mifuko mitano ya siku na ule wa sita wa ziada: kilo 4.3. Kila mfuko nimeuandika namba ya siku. Ninafuata njia ya mzee, jiko linaenda, ila chakula cha mchana nakila kimyakimya kama Kimya alivyosema.

Limebaki moja. Eneo lina dubu. Usiku chakula nakiweka wapi?

Kimya Kichakani

Kusiwe na chochote hemani, hata biskuti ya mfukoni, hata dawa ya meno. Kwanza uliza wanaosimamia eneo, maana kwingine chombo kigumu cha kuzuia dubu ni sheria na hakuna mjadala. Kama kutundika kunaruhusiwa, tia vyote kwenye mfuko mmoja, utundike mita 4 hivi toka ardhini na zaidi ya mita 1 toka kwenye shina la mti, hatua 100 kutoka unapolala. Pika na ule mbali na hema pia.

Nyama ya windo itundike mahali pengine, mbali na chakula na mbali na wewe, penye uwazi unaoweza kupaona ukiwa mbali. Asubuhi kabla hujaisogelea, simama kwanza uikague kwa darubini, na upige kelele ukiwa unakwenda.

Mizani ya Jikoni

Na kabla ya safari, kaka, kula mfuko mmoja mzima nyumbani siku ambayo una kazi nyingi. Tumbo lisilozoea karanga na mafuta mengi kwa siku linaweza kugoma, bora ujue ukiwa karibu na choo. Kile ambacho hukukimaliza, kitoe kwenye mifuko yote sita.