Tupeane uzoefu: ni mchezaji gani wa Cubs ya 2016 usiyeweza kumsahau?

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Kwetu sisi tunaoishi Chicago, usiku wa tarehe 2 Novemba 2016 bado haujaisha kusimuliwa, kwani ndio usiku ambao Cubs, timu yetu ya besiboli, waliishinda Cleveland 8–7 katika mechi ya saba ya World Series, yaani fainali ya ligi kuu ya Marekani, na kutwaa ubingwa walioukosa tangu 1908. Kikosi kilikuwa na wachezaji 25. Naomba kila mchangiaji achague mmoja tu na aeleze kwa nini amebaki moyoni mwake, bila kutunakilia takwimu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma mwenyewe.

Naanza na David Ross. Nilikuwa zamu ya usiku katika jiko la hoteli, redio ikiwa juu ya rafu ya sahani, wakati mdakaji huyo (anayeidaka mipira ya mrushaji) mwenye umri wa miaka 39, ambaye alikwisha kutangaza kwamba angestaafu mwisho wa msimu, alipoingizwa katika awamu ya tano pamoja na mrushaji wake, Jon Lester. Mambo yaliharibika papo hapo: Ross aliurusha mpira vibaya kuelekea kituo cha kwanza, kisha mpira wa Lester ukadunda, ukamgonga kwenye barakoa na kumwangusha, na wakimbiaji wawili wa Cleveland wakafunga. Nilizima redio kwa hasira. Niliiwasha tena baada ya mpishi mkuu kunicheka, na katika awamu ya sita nikasikia kwamba mzee yuleyule ameupiga mpira wa Andrew Miller, mrushaji wa Cleveland aliyekuwa akiogopwa kuliko wote katika michuano ile, ukavuka ukuta. Sahani mbili zilivunjika jikoni, na sikukatwa mshahara.

*Mchangiaji wa pili, Rogers Park*

Ndugu mleta mada, ahsante. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na besiboli nilifundishwa na mwanangu, ambaye alikuwa akinichorea vituo vinne kwenye karatasi kila nilipouliza kwa nini mtu anakimbia. Majira ya baridi ya mwaka ule niliteleza kwenye barafu nikaumia goti, nikawa nashinda nyumbani. Aprili, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, Kyle Schwarber aligongana na mwenzake Dexter Fowler wakiufuata mpira mmoja, akakatika kano za goti, na ikasemwa kwamba hatacheza tena mwaka huo. Nilimchukua kama ndugu yangu wa ugonjwa. Aliporudi Oktoba, moja kwa moja kwenye World Series, madaktari walimruhusu kupiga tu, si kulinda uwanja, naye alipata vituo kwa mapigo 7 kati ya 17. Mwanangu anasema shujaa ni Ben Zobrist, kwa sababu pigo lake la awamu ya kumi ndilo lililoirudisha Cubs mbele. Hakosei, lakini awamu hiyo ilifunguliwa na pigo la Schwarber, na Albert Almora, aliyefunga pointi ile, alikuwa anakimbia badala yake kwa sababu goti lile halikuaminika.

*Mchangiaji wa tatu, Dar es Salaam*

Huku kwetu ilikuwa asubuhi, saa mbili kasoro, nami nilikuwa kwenye daladala nikifuatilia matokeo kwa simu. Wangu ni mrushaji Mike Montgomery. Aliletwa Julai kutoka Seattle, hakuwahi kuokoa mechi (kuimalizia timu yake inayoongoza bila kupoteza ushindi) hata moja katika ligi kuu, na akakabidhiwa mpigaji wa mwisho wa mechi ya mwisho.

*Mchangiaji wa nne, Evanston*

Naomba tusisahau kwamba kikosi hiki kina jina linalonisumbua. Mrushaji Aroldis Chapman aliuanza mwaka 2016, akiwa New York, kwa kutumikia adhabu ya mechi 30 chini ya kanuni za ligi kuhusu ukatili wa nyumbani, ingawa hakushtakiwa mahakamani. Alipoletwa Chicago Julai, kaka yangu alifurahia kasi yake, mimi nilikaa kimya. Rajai Davis wa Cleveland alipoupiga mpira wake katika awamu ya nane na matokeo yakawa 6–6, nilijikuta nimetabasamu, kisha nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nimevaa fulana ya Cubs.

*Mchangiaji wa tano, Chicago*

Nisameheni, nitamtaja mtu asiyekuwamo katika wale 25. Marehemu jirani yangu, mzee aliyenipokea nilipofika mji huu, alimpenda Ernie Banks, aliyecheza maisha yake yote ya ligi kuu na Cubs bila kufika World Series hata mara moja, akafariki Januari 2015. Baada ya ubingwa, watu walijaa kwenye kuta za Wrigley Field, uwanja wa Cubs, wakiandika kwa chaki majina ya wapendwa wao waliokufa wakisubiri. Nilikwenda na chaki ya binti yangu, nikaliandika jina la mzee yule chini kabisa, karibu na njia ya miguu, kwa sababu juu hapakuwa na nafasi tena.

*Mleta mada*

Dada, umekiuka sharti la mada, na jibu lako nimelipokea. Wengine endeleeni, bado hakuna aliyemtaja Kyle Hendricks, mrushaji aliyeianza mechi ile ya saba, ambaye mimi naamini alitolewa mapema mno.